Kopo Lililofungwa Waya

Nililikuta kopo asubuhi nilipokuwa nikitafuta kamba.

Mfuko wa tandiko wa Baba ulikuwa umening'inia kwenye banda la Royce Tadlock, mwenye kambi, tangu vuli ya mwaka jana, siku dubu alipomrarua. Hakuna aliyeugusa. Juma lililopita, tulipopandisha kambi mlimani, mtu aliurusha tu pamoja na hatamu na mablanketi ya farasi, ukaja nao. Ngozi yake ilikuwa imekauka na kukunjamana. Ndani mlikuwa na glavu moja ya mkono wa kushoto, kisu cha kuchunia, na chini kabisa kopo la pilipili ya kumpulizia dubu, lenye damu kavu kwenye shingo.

Nilitaka kulitupa. Nilipolinyanyua, nikaona ni zito. Nikalitikisa karibu na sikio na kusikia maji yakicheza ndani. Limejaa. Nikaligeuza nitazame juu, pale kwenye kizuizi, kile kidude cha plastiki unachokichomoa kwanza ili dole gumba liweze kubonyeza. Kizuizi kilikuwa mahali pake. Kilikuwa kimezungushiwa waya mara tatu na kukazwa kwa koleo.

Nilikaa juu ya gunia la shayiri.

Mwaka mzima Baba alikuwa amesimulia jinsi alivyompulizia dubu yule uso mzima. "Alipita kwenye wingu kama mtu anayepita kwenye mvuke wa birika," alisema akiwa kitandani hospitalini, bandeji hadi begani. Akalisema tena kanisani, akalisema dukani, akalisema kwenye mkutano wa waongozaji wa wawindaji mwezi wa nne, mbele ya watu arobaini. Mimi nilikuwa chuoni Bozeman nikisomea wanyamapori. Nilikuwa nimesoma kuhusu makopo hayo, nilijua mara nyingi yanamgeuza dubu pale ambapo risasi hukosa, na bado nilinyamaza. Nani angebishana na mtu aliyerudi na vidole vitatu kwenye mkono wa kulia? Nilijiambia labda dubu yule alikuwa wa kipekee.

Baba, Orrin Haugen, ameongoza wawindaji miaka thelathini, na anachosema kuhusu dubu, watu wanakishika. Kufikia kiangazi bonde zima lilikuwa limeacha makopo. Kila mtu alirudi kwenye bastola. Wendell, mwongozaji mwenzake, ambaye ana mtoto wa miezi mitano, aliyachukua makopo mawili aliyonunuliwa na mkewe akampa dada yake afukuzie mbwa kwenye banda la kuku.

Na asubuhi hiyo Baba na Wendell walikuwa wanarudi kwenye mzoga. Jana jioni mteja wetu, Daktari Pruitt, daktari wa meno kutoka Ohio, alikuwa amemwangusha kulungu dume, yule mkubwa wa huku anayekaribia farasi kwa kimo. Giza likawakuta. Walirudi na paja moja na minofu ya mgongoni, wakaacha nyama iliyobaki chini, kwenye damu, usiku kucha. Kila mtu hapa anajua nani huja usiku kwenye damu. Na Baba alikuwa anakwenda huko na bastola kwenye kiuno cha kushoto, upande ambao hajawahi kufyatulia maishani, kwa mkono ambao Jumapili niliuona ukishindwa kufunga kifungo cha shati.

Nikaenda kwenye hema la jikoni, ninakopikia kambi msimu huu. Walikuwa wanamalizia pankeki na bekoni, Royce akiwa kichwani mwa meza, Pruitt na Baba wakitazamana. Wendell alikuwa nje akitayarisha nyumbu wa mizigo. Niliweka kopo katikati ya meza, juu ya sahani ya siagi, maana sikuona pengine.

"Mama mpishi," Royce akasema, "ndiyo asali yenyewe hiyo?"

Pruitt akacheka.

"Limejaa," nikasema.

"Nini?"

Sauti yangu ni ndogo. Tangu shule ya msingi watu huniambia nirudie. "Limejaa!" Safari hii Pruitt aliacha kucheka. "Halijapulizwa hata mara moja. Waya uko palepale!"

Baba alikata kipande cha pankeki, akakata tena kipande hichohicho. Hakuinua kichwa.

Nikamgeukia Royce. Nilikuwa na mwaka mzima wa maneno tumboni na yote yalikuwa yake. Nilimwambia amri ya kufunga makopo waya ilitoka kwenye kambi yake. Ndiyo, najua, kopo lilipasuka ndani ya sanduku la mizigo kwenye njia nyembamba, nyumbu wakapagawa, wawili wakaporomoka korongoni. "Lakini ulijali nyumbu kuliko watu, Royce. Uliwafunga watu mikono ili wanyama wako wasipige chafya."

"Nyumbu wale nilikuwa nimewalea tangu wakiwa wachanga, binti, na mteja alivunjika bega. Na amri ilikuwa waya ufunguliwe ukishuka tu kwenye farasi. Ukishuka tu."

"Ulilikuta kopo hili siku ile. Wewe ndiye uliyemfikia Baba wa kwanza. Ukalificha."

"Sikulificha. Nililirudisha kwenye mfuko wake."

"Tofauti yake nini?"

"Tofauti yake ni kwamba si langu." Royce alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Si mtu mwenye aibu nyingi, lakini hapo alimtazama Baba kwanza, kama anayeomba ruhusa, kisha akalisukuma kopo upande wangu. "Usinitazame mimi. Tazama waya. Nani katika dunia hii anafunga waya hivyo?"

Nikautazama.

Ncha ya waya haikuachwa imechomoza. Ilikuwa imekunjwa na kuingizwa ndani, chini ya mzunguko wa pili, ili isimkwaruze yeyote. Nyumbani kwetu uzio wote umefungwa hivyo, maili nne za uzio, ili ndama wasichanike. Nilikuwa na miaka sita nilipoanza kumfuata Baba kwenye uzio ule nikimbebea koleo.

"Baba?"

"Tutaongea nikirudi, Signe."

"Waya ulikuwa wazo lako?"

"Nyama inaharibika," akasema, akasimama, akatoka.

"Mimi nalipia kuwinda," Pruitt akamwambia Royce kwa upole, "si ugomvi wa familia."

"Kunywa kahawa, Daktari."

Nilimfuata Baba nje. Alikuwa anamtandika farasi wake. Tangu msimu uanze, kila asubuhi, mimi ndiye humkazia mkanda wa tandiko bila yeye kuomba na bila mimi kusema kitu. Napita tu, nauvuta, naendelea na shughuli zangu. Leo nilisimama. Aliuvuta kwa vidole vitatu, ukateleza. Akauzungusha kwenye kifundo cha mkono, akauvuta, ukateleza.

"Nisaidie hapa."

"Hapana."

Akanitazama kama mtu aliyesikia mbwa wake akiongea.

"Toa risasi kwenye bastola," nikasema.

"Ya nini?"

"Toa risasi, uirudishe kwenye ala yake. Mimi ni dubu. Nipo kwenye mti ule." Nikaonyesha msonobari uliokuwa kama hatua thelathini. "Nikifika kabla hujanilenga, huendi."

"Una wazimu, mtoto wewe?"

"Toa risasi, Baba!"

Wendell alikuwa anafunga sanduku kwenye mgongo wa nyumbu. Akaacha, akaegemea mzigo, akatabasamu. Hakuwa amesikia chochote cha hemani. "Mpe nafasi, mzee. Mimi naweka dola tano kwa dubu."

Labda ni kutazama kwa Wendell kulikomfanya Baba akubali. Alizimwaga risasi kwenye kofia, akairudisha bastola kiunoni. Nikaenda kwenye msonobari. Mimi si mtu wa kukimbia mbele za watu. Hata michezo ya chuoni nilikuwa najificha chooni. Nilikimbia. Nilikimbia nimeinama, viatu vizito, aproni ya jikoni ikinipiga magotini, nikimtazama usoni. Mkono wake wa kushoto ulikwenda kiunoni, ukapapasa, ukakamata mpini vibaya. Nikamgonga kifuani kwa mikono miwili na bastola ingali ndani ya ala.

"Tena," nikasema.

"Sikuwa tayari."

"Dubu atakuuliza kama uko tayari?"

Mara ya pili ilitoka, ikamponyoka, ikaanguka kwenye kinyesi cha farasi. Wendell akapiga paja kwa kicheko. Mara ya tatu niligonga kwa nguvu zaidi kuliko nilivyokusudia, akarudi nyuma, akakaa chini. Mtu wa miaka hamsini na tisa, amekaa chini kwenye majani yenye umande, kofia yenye risasi pembeni. Siku nyingine yoyote ningelia. Nilibaki nimemsimamia.

"Mzee, binti yako amekutafuna mara tatu," Wendell akasema. "Na hajashiba."

Baba aliinuka polepole. Akaokota bastola, akaifuta kwenye suruali. "Haya," akasema. "Kwenda nitakwenda, ila lete makopo."

Yalikuwa manne kwenye sanduku, ya msimu uliopita, yote yamefungwa waya, ncha zote zimekunjwa ndani. Nilizikata kwa koleo moja baada ya nyingine na kila waya uliporuka nilisikia hasira yangu ikipanda. Nikampa Baba moja, nikavaa moja kifuani, nikampa Wendell jingine. Aliligeuza mkononi.

"Hili la nini? Si wewe mwenyewe, mzee, ulisema halimzuii hata paka?"

Nikamtazama Baba. Nikasubiri. Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi kabisa, angeingia tu.

"Msichana anataka," Baba akasema. "Chukua, tusipoteze muda."

Nilihisi kama amenitemea mate. Alikuwa amenifanya mimi kuwa sababu. Mimi, na uoga wangu, na vitabu vyangu. Wendell akanikonyeza kwa huruma, kama mtu anayemvumilia mtoto wa mwenzake, akaling'iniza kopo kwenye begi lake, mgongoni, mahali ambapo mkono haufiki.

"Kifuani," nikasema.

"Sawa, mwalimu."

"Na mimi naenda."

Hakuna aliyenibishia. Sidhani walithubutu.

Tulipanda saa nzima kufuata kijito. Baba alikuwa mbele. Sikuzungumza naye. Wendell nyuma alikuwa akiimba kwa sauti kubwa na mbaya, na hilo ni jambo zuri, dubu asikie mapema. Tuliposhuka kwenye farasi chini ya mteremko wa mzoga, Baba alisimama akatazama juu. Kunguru kumi au kumi na wawili walikuwa kwenye matawi, wala hawakuwa chini wakila. Na pale kulungu alipoachwa, hapakuwa na kulungu tena. Kulikuwa na kichuguu cha udongo mbichi, majani na matawi yaliyokwanguliwa, na pembe moja imechomoza juu kama mpini wa jembe.

Dubu akishafukia nyama, ni yake.

"Turudi," Baba akanong'ona. Hilo nitalisema kwa haki yake. Hakusita.

Lakini upepo ulikuwa unatoka mgongoni mwetu, ukipanda mteremko, na dubu alikuwa ametunusa zamani. Alitoka kwenye vichaka upande wa kushoto bila kishindo chochote. Nilidhani angeunguruma. Alikuja tu, kichwa chini, mabega yakipanda na kushuka, na udongo wa kichuguu ukiwa bado kwenye manyoya ya uso wake.

Wendell alichomoa bastola. Risasi ya kwanza ilipiga mawe. Baba nilimwona kwa pembe ya jicho, na nilichokiona sitakisahau: kopo lilikuwa kifuani pake, waya umekatwa, na mkono wake ulikwenda kiunoni.

"Baba, kopo!"

Nilichomoa kizuizi. Nilibonyeza kabla sijahesabu hatua. Nadhani zilikuwa kumi. Nililenga chini, mbele ya miguu yake, kama nilivyofundishwa, na upepo ukalichukua wingu na kulipandisha. Jekundu, pana kama mlango wa zizi. Dubu aliingia ndani yake na sikumwona tena kwa muda wa pumzi moja. Kisha alitoka upande, akijigonga uso kwa makucha, akipiga chafya kama mtu mzima mwenye mafua, akavunja vichaka akishuka upande wa pili. Tulisikia matawi yakikatika mbali, na mbali zaidi.

Nyumbu walikuwa wanavuta kamba. Hakuna aliyekuwa ameporomoka popote.

Wote watatu tulikuwa tunakohoa kidogo, maana pilipili haichagui. Wendell alikuwa bado ameshika bastola kwa mikono miwili. Alitazama vichaka, akatazama kopo langu, akatazama lake. Mtu huyu si mjinga.

"Limefanya kazi," akasema. Kisha, taratibu, "Mzee. Wa kwako alipitaje?"

Baba alilishika kopo lake kifuani.

"Ulisema alipita kwenye wingu kama mvuke. Mimi nimeliona wingu sasa hivi. Hakuna kitu kinachopita pale. Alipitaje?"

"Hakupita," Baba akasema. "Hakukuwa na wingu."

"Vipi?"

"Sikuutoa waya. Nilishuka kwenye farasi, nikasikia kulungu akilia karibu, nikamfuata. Mimi ndiye niliyewafundisha nyote, ukishuka tu, fungua. Nilibonyeza, Wendell. Nilibonyeza mpaka ngozi ya dole ikatoka. Nilikuwa bado nabonyeza aliponifikia." Aliutazama mkono wake. "Uliponijia hospitali na maua ukaniuliza kama nilipuliza, nikasema ndiyo. Ilitoka tu. Kesho yake kila mtu alikuwa ameshalisikia."

Wendell aliirudisha bastola kwenye ala, mara mbili, maana mara ya kwanza alikosea. "Mke wangu aliniuliza Jumamosi," akasema. "Amembeba mtoto, ananiuliza, yako wapi makopo yale? Nikamwambia mwanamke, acha kelele, Orrin Haugen ameshatuonyesha. Nilimwambia acha kelele!" Alikuwa anapiga mayowe sasa. "Ungesema umesahau, nani angekucheka?"

"Wewe," Baba akasema.

Wendell alifikiri. "Ndiyo, ningecheka. Wiki mbili. Halafu ningekuwa na kopo kifuani." Akawafungua nyumbu na kushuka nao, masanduku matupu yakigongana, bila kutugeukia.

Tuliacha nyama. Njiani Baba alisema, "Asante, mwanangu," na mimi sikujibu. Alinisubiri penye kivuko cha kijito, akasema tena kitu, pengine pole, maji yalikuwa na kelele. Sikutaka pole yake. Pole ilikuwa yetu wawili, ingeishia kwetu, na watu arobaini wangeendelea kutembea kwenye damu na vyuma vyao.

Tulifika kambini kabla ya saa sita. Wendell alikuwa ameshamwambia Royce kila kitu, na Pruitt alikuwa anauliza, "Na pembe zangu?" bila mtu kumjibu.

"Basi," Royce akasema tulipoingia hemani. "Tumejifunza. Kuanzia leo makopo hayafungwi waya, kila mtu avae lake, na hili linaishia ndani ya turubai hili. Orrin ni rafiki yangu. Sitaki achekwe hadi Idaho."

Kila mchana saa sita, kambi zote za bonde hili hufungua redio za mawasiliano. Kambi inajitaja, inasema hali ya njia, nani ameumia, nani anahitaji unga, kisha inayofuata. Kambi tisa, na wake za watu huko chini hukaa jikoni wakisikiliza. Siku zote mimi huisoma taarifa yetu kwa maneno sita na kuzima, maana nachukia kusikilizwa.

Nilienda kwenye kona, nikawasha redio. Wa kijito cha juu walikuwa wanasema theluji imeziba njia. Nikasubiri wamalize.

"Signe," Royce akasema. "Usithubutu."

"Sitasema mimi," nikamwambia. Nikamtazama Baba na kumnyooshea kipaza sauti. "Ulilisema mbele ya watu wote. Usipolisema, nashuka leo. Tafuteni mpishi. Na nyumbani Krismasi sitakuja."

Hajawahi kunisikia nikimtishia mtu. Mimi pia sikuwa nimewahi kujisikia. Alisimama pale akiwa ameshika kofia yake, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi ambavyo ameanza kuzeeka shingoni. Nikakaribia kukirudisha kipaza sauti mezani. Nikakumbuka mtoto wa miezi mitano. Sikukirudisha.

Akakichukua. Kitufe chake kiko upande wa kulia, na kwa vidole vitatu kilimsumbua. Nilikaa na mikono yangu mapajani.

"Hapa ni Orrin Haugen," akasema. "Kambi ya Tadlock. Nina neno kuhusu dubu wangu wa mwaka jana. Sikumpulizia. Kopo lilikuwa limefungwa waya, na niliyelifunga ni mimi. Makopo yanafanya kazi. Nimeona leo kwa macho yangu. Niliwadanganya."

Redio ilikwaruza. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, mbali, mtoto akilia nyuma yake.

"Kambi ya Tadlock, nimekupata nusunusu. Umesema makopo yanafanya nini?"

Baba alinitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba.

"Rudia," nikasema.

Akarudia.